Warsame wa Otonglo

"Robinson!" Rosa aliita, akimwinamia mtoto mapajani pake. "Ni wewe, Robinson? Kama ni wewe, nyamaza unyonye."

Mtoto hakunyamaza. Alikunja uso kama ngumi, akavuta pumzi, akalia kwa sauti iliyopita juu ya mabati ya ploti nzima na kuwafikia wauza nyanya wa soko la Otonglo kule barabarani.

"Yawa! Amekataa tena."

"Labda ni tumbo, Mama," Naswa, mkaza mwanawe, alisema kwa upole. Alikuwa ameketi kitandani, blauzi imelowa maziwa ambayo hakuna aliyeyataka. "Nesi alisema watoto wengine husumbuliwa na tumbo."

"Huyo nesi ana watoto?"

"Bado."

"Basi."

Rosa alikuwa ametoka kwake ufuoni, upande wa Bondo, na mfuko wa omena, dagaa wakavu wa ziwani, na tumaini moja. Kwao, mtoto anayelia bila sababu hudai jina. Wakubwa humwitia waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye mtoto atamnyamazia ndiye aliyerudi. Rosa alijua mapema nani angerudi. Robinson alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Rosa alimlea kwa ziwa lake mwenyewe pamoja na mwanawe Oduor; Robinson akaenda jeshini kabla ya Oduor, akarudi kutoka Somalia ndani ya sanduku lililofunikwa bendera. Mjukuu huyu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa ili Rosa apate tena mtu wa kumwita jina hilo. Hivyo ndivyo alivyoamini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumpinga.

Robinson alipokataliwa, Rosa alimwita babu. Akamwita baba wa babu. Akawaita mashangazi waliokufa wakiwa na meno yao yote na wajomba waliokufa bila hata moja.

"Huyo mlevi usimwite, Mama," Oduor alisema kutoka mlangoni.

"Nimemwita kwa sauti ndogo tu."

Debra, mke wa mwenye ploti, alitokea na mwiko mkononi. Ni yeye aliyempa Rosa chumba cha kulala, kwa kuwa mila haikumruhusu mama huyo kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, na tangu hapo alijiona ana haki ya kuingia bila kubisha.

"Afande," alimwambia Oduor, "kule mnazima mabomu, na huyu mdogo mmeshindwa kumzima? Wapangaji wananiuliza kama hapa ni nyumba ama ni wodi. Mkiendelea hivi, huo uwanja wa sherehe ya ubatizo Jumapili nitafikiria tena."

Alisema mbele ya wapangaji waliokuwa wakianua nguo, wakacheka. Oduor alitazama viatu vyake. Koplo huyu alikuwa amefika likizo majuzi, na kila alipopewa mtoto aliketi kwanza, kisha akamrudisha haraka. Mikono iliyoweza kufungua bunduki na kuifunga gizani ilikuwa inaogopa kitu chenye uzito wa kuku.

Lakini sasa alivuka chumba. "Nipeni."

Alimgeuza mtoto kifudifudi, akamlaza juu ya mkono wake wa kushoto, kichwa kwenye kiwiko, miguu ikining'inia huku na huku kama ya mtu aliyelala juu ya tawi. Kwa mkono wa kulia akaanza kumpapasa mgongo.

"Utamuua!" Rosa alisimama. "Nani anabeba mtoto kama gunia la makaa?"

Oduor alifumba macho. Maneno yalimtoka bila kuyapanga. "Warsame," alinong'ona, "nisaidie."

Mtoto alicheua. Maziwa kidogo yakamtoka, yakateleza kwenye sakafu ya simenti. Kisha ukaja ukimya ambao nyumba ile ilikuwa imeusahau, mpaka ikasikika redio ya jirani na kuku waliokuwa uani. Mtoto alifungua jicho moja, akalifunga, akalala.

Rosa alikaribia polepole, kama mtu anayemsogelea ndege. "Umemwita nani?"

*

"Warsame," Rosa alirudia, na kulirudia tena. "Kwetu hatuna mtu huyo. Wafu wetu nawajua wote, hata waliokufa kabla ya kuja kwa majina ya kanisani." Alimgeukia Naswa. Uso wake ulikuwa umeanguka kidogo, lakini alijikaza. "Basi ni wa kwenu, nyar Kimilili, binti wa Kimilili. Wamenishinda. Nipigie mama yako."

"Mama, ngoja kwanza," Oduor alisema.

"Ningoje nini? Mtoto ameshasema."

Simu iliwekwa kwa sauti kubwa. Emmaculate, mama yake Naswa, alikuwa shambani kwake Kimilili. Rosa alimweleza mambo yote kwa heshima: jinsi alivyoita ukoo mzima, jinsi mtoto alivyokataa, jinsi jina moja tu lilivyomnyamazisha.

"Warsame," Rosa alimaliza. "Mnaye huyo?"

Ukweli ni kwamba Emmaculate hakuwahi kulisikia jina hilo tangu azaliwe. Lakini mwanamke anapoambiwa na mkwe wake kwamba babu mmoja wa kwao amewashinda mababu wote wa upande wa pili, si rahisi aseme hamjui.

"Tunaye," Emmaculate alisema. "Wa upande wa baba. Yule aliyehamia Mbale, Uganda."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Sana, mkwe. Sana."

"Namshukuru Mungu," Rosa alisema, akakata simu. Alichukua mfuko wake wa omena, akaanza kuwachambua mmoja mmoja.

Oduor alichukua vibanio vya nguo, akatoka nje.

*

Nyuma ya nyumba Naswa alikuwa akianika nepi. Oduor alisimama karibu yake akimpa vibanio.

"Kwetu hakuna Warsame," Naswa alisema bila kugeuka. "Nimezaliwa kule. Mimi ni fundi wa kushona, si mjinga. Ni nani?"

Oduor alitazama kama kuna mtu karibu. "Ni mateka."

"Mateka gani?"

"Kule kambini, Somalia. Askari wetu walimshika yeye na wenzake, ana risasi ya mguu. Mimi nikawekwa kumlinda. Siku ujumbe wa simu ulipoingia kwamba umejifungua, nilikuwa zamu, hakukuwa na mtu mwingine. Nikamwambia yeye."

"Ulimwambia adui kabla ya kumwambia kamanda wako?"

"Kabla ya kukupigia wewe."

Naswa alimpiga begani na nepi mbichi. Oduor akacheka, na kicheko kikamlegeza ulimi.

"Aliniuliza, 'Wa kiume?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Hongera, baba.' Kiswahili chake kilikuwa cha Kismayu, Naswa, kizuri kuliko changu, mpaka nikaona aibu kumjibu. Ana watoto kadhaa. Aliniuliza kama najua kubeba mtoto mchanga. Nikamwambia sijui, naogopa nitamvunja. Akacheka. Alikuwa na mguu unaooza, lakini alicheka mpaka akakohoa. Akasema nimpe blanketi."

"Blanketi la nini?"

"Tulilikunja likawa mtoto. Akanifundisha. Huyu anayelia namna hii, mlaze hivi. Huyu anayetapika, hivi. Kila siku nikiingia zamu, tunamlea blanketi. Nikamwomba daktari aje amtazame ule mguu. Alikataa, nikaomba tena, akaja."

"Na sasa yuko wapi?"

"Lori lilikuja likawachukua. Sijui kama yuko hai. Mimi ndiye niliyemfunga mikono asubuhi ile, ilikuwa zamu yangu. Yeye ndiye aliyesema. 'Kichwa,' akasema. 'Usisahau. Kichwa juu kidogo.'"

Naswa alishika kibanio bila kukitumia. Halafu bega lake likaanza kutetemeka, na Oduor alidhani analia.

"Mama yangu," Naswa alisema kwa shida, machozi ya kicheko yakimtiririka, "mama yangu amemhamishia Mbale!"

Walicheka wote wawili, wakiegemeana kati ya nepi, mpaka tumbo la Naswa, ambalo halijapona sawasawa, likamuuma akaomba waache. Kisha akafuta macho kwa nepi.

"Mama yako lazima ajue, Baba."

"Atavunjika. Unajua Robinson alikuwa nani kwake."

"Ndiyo maana. Anapika kwa ajili ya mtu asiyemjua. Utamwacha aende kanisani hivyo?"

*

Wakwe waliwasili Jumamosi na jogoo hai, mfuko wa sukari na ukoo uliokuwa umekua sana njiani. Mzee Khaemba, baba yake Naswa, alivaa koti la harusi yake. Alipewa kiti cha pekee chenye mto, akanywa chai, akakohoa kusafisha njia.

"Warsame hakuwa mtu wa mchezo," alisema. "Alivuka Malaba kwa miguu, ng'ombe mbele, ng'ombe nyuma. Waganda walidhani ni jeshi."

"Ng'ombe wengi?" Debra aliuliza. Alikuwa amekuja kuazima chumvi akakaa.

"Vumbi lake lilionekana Tororo."

Emmaculate alikazia macho kikombe chake.

"Msihuzunike, wakwe," Khaemba aliendelea kwa furaha ya mshindi mwenye huruma. "Hata mpirani kuna anayefungwa. Ninyi mna samaki, sisi tuna ng'ombe na mababu wenye nguvu. Kesho kanisani, kwa heshima, naomba mtoto abebwe upande wetu."

Wapangaji waliokuwa mlangoni walicheka. Rosa alicheka pia, kicheko kinachoanzia na kuishia midomoni. "Abebwe," alisema. "Mwenye jina ndiye mwenye mtoto." Akachukua beseni la ngege, samaki wa ziwani, akatoka nje kuwaparua magamba.

Oduor alimfuata na ndoo ya maji. Alimkuta ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko, kisu kikienda na kurudi, magamba yakimrukia usoni bila yeye kuyapangusa.

"Robinson alimkosea nini mtoto huyu?" Rosa aliuliza, kama anayemuuliza samaki. "Nilimpa ziwa hili hili nililokupa wewe. Wewe kushoto, yeye kulia. Sikumnyima. Nilifikiri nikimwita atajua sauti yangu."

Oduor aliweka ndoo chini.

"Mama, Warsame si wa Mbale."

"Nimemsikia mkwe kwa masikio yangu."

"Mkwe ametunga. Hakuna ng'ombe, hakuna Malaba. Warsame ni mateka. Nilikuwa nikimlinda kule."

Kisu kilisimama. "Mateka wa nani?"

"Wetu. Ni mmoja wa wale."

"Wale waliomleta Robinson kwenye sanduku."

"Ndiyo, Mama."

"Ni yeye?"

"Nilimuuliza kama alikuwa pale. Alisema hakuwa. Nilimwamini nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine ndiyo ilinifanya nikeshe. Mama, siku za kwanza nilikuwa nikimwekea maji mbali, ajikokote na ule mguu ayafuate. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Robinson. Siku moja nikajiuliza, Robinson angenipongeza? Yule aliyekuwa anaokota vifaranga vya jirani vikinyeshewa? Nikayasogeza maji karibu. Mambo yote yalianzia hapo."

Alimweleza yaliyosalia: ujumbe wa simu, blanketi, daktari, lori. Rosa alisikiliza akiwa ameinamia beseni. Alipomaliza, mama yake alinawa mikono hadi viwiko, akajifunga leso, akaingia chumba alichopewa na Debra na kutoka na mfuko wake.

"Samaki wamebaki wachache," alisema. "Malizia."

Akaenda zake barabarani.

*

Chumvi ya Debra ilikuwa bado haijapatikana; alikuwa akiitafuta jikoni, na dirisha la jiko lilikuwa wazi. Kabla Oduor hajamaliza samaki wa kwanza, ploti nzima ilikuwa imejua.

"Kumbe babu wa Mbale ni gaidi!" mtu alisema kwa sauti karibu na bomba la maji. Mwingine akasema ndiyo maana mtoto analia usiku na mchana. Wanawake waliokuwa wameahidi kusaidia kupika waligundua ghafla kwamba wameacha maji motoni.

Ndani, Mzee Khaemba alikuwa anaeleza jinsi Warsame alivyouza fahali mmoja na kununua mlima, habari ilipomfikia. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Emmaculate. Uliniambia alikuwa na ng'ombe."

"Mimi nilimpa Mbale tu. Ng'ombe ni wewe uliyempa."

Debra alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Afande, nakuheshimu. Lakini sherehe ya watu wa namna hiyo haifanyiki kwenye uwanja wangu. Watu watasema nini?"

"Ni ubatizo, mama. Ni mtoto."

"Viti nilivyowaazima, nitavichukua jioni."

Hapo mtoto akaamka, akaanza. Naswa alimpa ziwa, akalisukuma. Emmaculate, akiwa na haya, alijaribu kuwaita watu wa ukweli wa kwao, waliokufa kweli na kuzikwa kweli, na hakuna aliyeitika. Khaemba alimwimbia wimbo wa tohara, jambo lililozidisha kilio. Oduor akamchukua, akamlaza mkononi kama kawaida, kifudifudi, miguu huku na huku. Lakini alimpapasa haraka mno, macho yakiwa barabarani alikokwenda mama yake, na mtoto alihisi, akalia zaidi.

"Warsame," Oduor alijaribu. Jina hilo lilikuwa limetamkwa vibaya na watu wengi mno siku ile. Lilitoka kavu, na mtoto hakulijali.

Barabarani, Rosa alikuwa ameketi kwenye kreti tupu ya nyanya, mfuko magotini. Gari la Bondo lilikuja, utingo akaruka chini. "Mama, twende, nafasi ya mbele!" Rosa aliinuka. Kutoka nyuma ya vibanda, juu ya honi na makelele ya wauzaji, ilimjia sauti aliyokwisha kuijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Mama, unaenda ama huendi?"

"Unasikia huyo mtoto?" Rosa alimuuliza.

"Nasikia. Ni wako?"

Rosa alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu kuliko alivyotarajia. "Ni wangu," alisema, akaketi tena. Gari likaondoka. Halafu akaona kuketi kwenye kreti ni upuuzi, akainuka tena, na safari hii akageukia njia ya nyumbani.

Walimwona akiingia na mfuko wake, vumbi miguuni. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Nionyeshe alivyokuonyesha."

"Mama?"

"Huyo mtu. Blanketi. Nionyeshe."

Oduor alimpa Naswa mtoto, akavuta blanketi la kitandani, akalikunja kama lilivyokunjwa kule. "Mkono wako chini ya tumbo, hivi. Tumbo likae juu ya mfupa, ligandamizwe kidogo. Kiganja kishike paja asianguke."

"Alikuwa amefungwa mikono?"

"Alikuwa amefungwa. Nilimfungua ili anionyeshe."

"Ulimfungua." Rosa alisema taratibu. "Peke yako. Na kama angekunyang'anya bunduki?"

"Angeweza. Ilikuwa hapa, begani."

"Akafanya nini?"

"Alichukua blanketi, Mama."

Rosa alilishika blanketi lile, akalipima mkononi kana kwamba lina uzito. Chumba kizima kilikuwa kikimtazama, na mlangoni Debra naye alikuwa amesahau kuteremsha mikono kutoka kiunoni.

"Ana mama, huyo?"

"Alisema yuko hai. Anauza maziwa ya ngamia sokoni kwao."

"Maziwa ya ngamia," Rosa alisema, akatikisa kichwa. "Na yeye sasa anaita, haitikiwi." Akalitupa blanketi kitandani. "Sitaki hili. Nipeni mtu wangu."

Naswa alimpa. Rosa alimgeuza mtoto kwa mikono iliyokwisha kulea wengi kwa njia nyingine, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake wa kushoto, ulionukia samaki. Mtoto alipinga. Rosa akatembea naye kutoka kitandani hadi mlangoni, akimpapasa mgongo.

"Kichwa, Mama," Oduor alisema. "Kichwa juu kidogo."

Rosa aliinua kiwiko kidogo. Mtoto alicheua kwa sauti ya mtu mzima aliyeshiba, na Mzee Khaemba, kwa mazoea, akamwambia pole. Kilio kikapungua, kikawa mlio mdogo, kikaisha.

Rosa hakuacha kutembea. Aliongea kwa sauti ya chini ili asimwamshe, na wote wakasogea ili wasikie.

"Nimewaita wafu wangu wote na hakuna aliyeitika. Nilikasirika nao. Sasa naona labda hawakukataa. Labda walijua mtoto anamtaka mtu aliye hai." Alimtazama mwanawe. "Unasikia? Mtoto hanyamazii maiti. Huyo mtu wako yuko hai mahali."

Oduor, aliyekuwa ameubeba mzigo huo tangu asubuhi ya lori, aliketi kitandani juu ya blanketi na kufunika uso. Hakuna aliyemcheka. Naswa aliketi karibu yake.

"Na Robinson?" Emmaculate aliuliza kwa woga.

"Robinson atatangulia. Ni mkubwa, lazima atangulie. Robinson Warsame. Wakae pamoja, wazoeane." Rosa alifika mlangoni, uso kwa uso na mke wa mwenye ploti. "Debra. Uwanja?"

Debra alichungulia mkononi mwake. "Amenyamaza kabisa?"

"Sikiliza mwenyewe."

Debra alisikiliza. Redio, kuku, upepo wa ziwa kwenye nepi. "Viti mtapanga wenyewe," alisema. "Mimi mgongo unaniuma." Kisha, akiondoka: "Na hiyo njia ya kubeba mtaniandikia nimpelekee mkwe wangu wa Kondele. Mtoto wake ni king'ora."

Jioni ile wanawake waligundua kwamba maji waliyoyaacha motoni yalikwisha chemka. Walirudi mmoja mmoja na visu vyao. Ngege walikaangwa, jogoo wa Kimilili akachinjwa, na Khaemba akakoroga ugali mbele ya watu, jambo ambalo Emmaculate alisema hakuwahi kuliona tangu aolewe.

*

Kanisani Jumapili mtoto alivaa kanzu nyeupe aliyoshona mama yake kwa kitambaa kilichobaki cha gauni la harusi ya mteja. Familia mbili zilisimama mbele bila pande, zikiwa zimechanganyika. Oduor alikuwa amevaa shati la kawaida. Alipokuwa akimtazama mama yake amembeba mtoto, mkono wake wa kushoto ulikunjika wenyewe, ukawa tayari kupokea.

"Jina la mtoto?" kasisi aliuliza, akimpokea.

"Robinson Warsame," Rosa alisema kwa sauti iliyofika mlangoni.

Kasisi aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Alikuwa mtu wa Siaya na alidhani amesikia kila jina ambalo ziwa linaweza kuleta. "Warsame? Hilo ni jina la wapi, Mama?"

Mzee Khaemba ghafla aliona kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa. Emmaculate alitazama dari. Naswa aliuma midomo kuzuia kicheko, akashindwa, na Oduor, pembeni yake, akashindwa vilevile.

Maji yalimgusa mtoto. Akakunja uso kama ngumi, akavuta pumzi.

"La Otonglo," Rosa alisema upesi, akinyoosha mkono kumsaidia kasisi. "Mgeuze, baba. Tumbo chini. Hivyo. Na kichwa juu kidogo."